Kifungu cha Tisa

Mwezi mzima Kifungu alikuwa akiota kanuni. Si kwamba alizifikiria kabla ya kulala, la. Aliziota hasa, zikipita mbele yake moja moja, kila moja na namba yake, zikisimama kidogo ili azisahihishe, kisha zikienda zao. Asubuhi aliamka amechoka lakini uso umekunjuka. Aliandika alichokumbuka nyuma ya bahasha yoyote iliyokuwa karibu, akanywa chai akiwa amesimama, akaenda zake kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji ambako alikuwa ameendesha mashine ileile kwa miaka kumi na tisa.

Jina hilo hakupewa na wazazi. Alibandikwa na fundi baiskeli wa mtaani, mwanachama mwenzake, siku ile Kifungu alipomnyima mgeni maji ya kunywa katikati ya kikao kwa sababu muda wa mapumziko ulikuwa haujafika. Watu walicheka wakashika mbavu. Mgeni mwenyewe alicheka, na koo lake kavu. Kifungu peke yake hakuona cha kuchekesha, na hapo ndipo jina lilipomganda.

Tawi lenyewe lilikuwa la chama cha mazingira, na ukitaka ukweli, lilikuwa tawi la watu tisa. Halikuwa na ofisi. Bendera yake ya kijani ilikuwa imeliwa na jua mpaka ikafanana na kitambaa cha kufutia meza. Lilikutana Jumamosi moja kila mwezi, alasiri, sebuleni kwa Kifungu, kwa kuwa yeye ndiye katibu na ndiye mwenye viti tisa. Sasa makao makuu yalikuwa yameleta barua kwamba tawi lisilo na kanuni zake kufikia mwisho wa mwezi litafutwa. Wenzake wakampa Kifungu kazi ya kuziandika, kwa ukarimu uleule ambao mtu humwachia mwenzake masufuria ya kusugua. Hawakujua kwamba wamempa zawadi.

Aliandika vifungu kumi na vinne. Cha kwanza kilisema kila kifungu kitaanza kazi palepale kitakapopita, maana aliwajua wenzake: ukiwapa mpaka kesho, wanageuka. Cha pili kilisema kifungu kilichokwishapita hakiguswi mpaka itolewe taarifa ya siku ishirini na moja. Lakini kipenzi chake kilikuwa cha tisa. Tawi halitanunua karatasi mpya maadamu ipo yenye upande mmoja mweupe. Na karatasi ikishaandikwa pande zote mbili, itachanwa na kutiwa kwenye pipa la mboji kabla kikao hakijafungwa, na hakuna mwanachama atakayetoka nayo mlangoni.

Kifungu hiki kilikuwa na historia yake. Miezi michache nyuma fundi baiskeli alinunua misumari dukani, akafungiwa kwenye muhtasari wa kikao chao, ule wenye azimio la kupinga takataka mitaani. Mtaa mzima ulipata la kusema. Kifungu hakulala siku mbili. Wenzake walipomshauri aongeze japo "isipokuwa kwa sababu maalumu," alikataa katakata. Akasema ukishaweka "isipokuwa" mahali, kila mtu anakuja na yake, na mwishowe inabaki "isipokuwa" tupu bila kanuni.

Alikuwa akiishi na mama yake, wawili tu. Mama alifanya kazi kituo cha hali ya hewa miaka thelathini na moja, na kazi yake ilikuwa moja: kila siku saa tatu kamili asubuhi, afunue kipima mvua, asome, aandike. Jumapili kama Jumatatu. Siku hizi kumbukumbu zilikuwa zikimhama, chumba baada ya chumba, zikizima taa zinapotoka. Siku njema alimwita Kifungu mwanangu. Siku nyingine alimwita kaka, akamuuliza wazazi wao watarudi saa ngapi, naye Kifungu alijibu kwamba watarudi jioni.

Baba yake hawakuwa wakimtaja. Aliondoka Kifungu akiwa na miaka sita, asubuhi moja, hivihivi, na mama alisema neno moja tu: "Amekwenda." Kutokana na neno hilo Kifungu alijitengenezea baba wa kumchukia, akamchukia kwa utaratibu na kwa bidii, kama alivyofanya kila kitu, miaka thelathini na saba. Mtu aliyeondoka bila kuaga, bila kusubiri, bila kanuni. Wakati mwingine, alipoandika "ni lazima" katika kifungu fulani, alihisi anamwandikia yeye.

Basi ulipofika wakati wa kuchapa kanuni, zilihitajika karatasi hamsini na nne: kurasa sita, watu tisa. Juu ya kabati la mama palikuwa na sanduku la fomu za zamani za kituo, upande mmoja mistari na namba, upande wa pili mweupe. Kituo kilikuwa na nakala zake, hilo alilijua. Hata hivyo aliuliza, kwa sababu yeye ni mtu wa kuuliza.

"Mama, hizi karatasi nizitumie?"

"Tumia, kaka," alisema mama kutoka dirishani. "Karatasi ni za kutumia."

Akazibeba kazini, akazipitisha kwenye mashine bila kuzitazama mara mbili. Macho yake yalikuwa kwenye koma za kifungu cha sita.

*

Jumamosi hiyo joto lilikuwa la kulaza watu. Jua lilipenya kwenye pazia la njano, sebule nzima ikawa rangi ya chai ya maziwa, na vumbi likaelea hewani polepole bila kutua popote. Mama alikuwa amelala chumbani, mlango umeachwa wazi kidogo. Mwenyekiti, mkunga mstaafu mwenye sauti ya kubembeleza watu kwa mazoea ya kazi, alisoma kifungu kimoja baada ya kingine, na mikono ikapanda na kushuka. Hakuna aliyepinga. Kupinga kulitaka nguvu.

Cha tisa kilipita kwa mikono tisa. Bi Miche, mwenye bustani ya kuuza miche na mtu asiyechelewesha jambo, aliinuka palepale akaliburuta pipa la mboji kutoka uani mpaka kizingiti cha mlango, tayari kwa kazi. Kifungu alimpenda sana wakati huo.

Cha kumi na nne kilikuwa wazo la Bi Miche mwenyewe: kabla ya kura ya kupitisha kanuni zote kwa pamoja, wanachama watakaa kimya dakika tatu, ili wasio na midomo nao wasikilizwe, yaani maji, udongo, miti. Kikapita. Kwa kuwa kilianza kazi palepale, Kifungu akategesha saa ya mezani, akaiweka juu ya meza, na kimya kikatanda.

Dakika tatu ni nyingi. Ya kwanza watu walisikiliza miti. Ya pili fundi baiskeli, ambaye vidole vyake havijui kukaa bure, akageuza karatasi yake upande wa nyuma. Akasoma. Akainua nyusi, akatabasamu, akamsogezea mkunga. Mkunga akavaa miwani, akasoma, akaweka kiganja kifuani. Naye akageuza yake. Karatasi zikaanza kutembea sebuleni, mkono kwa mkono, bila sauti isipokuwa ile ya karatasi yenyewe. Watu walitabasamu, wakajiuma midomo, mmoja akafuta jicho kwa ukingo wa shati, na wote wakamtazama Kifungu kwa macho laini ambayo hakuwahi kutazamwa nayo katika kikao. Hakuelewa. Alidhani ni kifungu cha kumi na nne kinachofanya kazi. Alifurahi, ila hakuweza kuuliza, maana kanuni ilikuwa inaendelea.

Ndipo naye akageuza yake.

Namba alizijua. Tarehe, milimita, upepo. Ila kulikuwa na safu ya mwisho, "Maelezo," ambayo kituo kilitaka iandikwe mambo kama ngurumo na ukungu. Mama alikuwa ameiandika kwa kalamu ya risasi, herufi ndogo zilizobanana. Fomu hizi hazikuwa zile zilizobaki kituoni. Zilikuwa nakala zake mwenyewe. *Mm 12. Jino la mtoto limeng'oka, anacheka na pengo lake.* *Mm 27. Baba yake amepanda kuziba paa, akateleza, tumecheka mpaka jirani akagonga ukuta.* *Mm 4. Mtoto amemeza kifungo cha shati. Tunasubiri.* *Mm 0. Kifungo kimetoka.*

Alihisi sebule inaondoka chini yake taratibu, yeye amebaki anaelea na lile vumbi. Mambo yote ambayo mama alikuwa ameyapoteza yalikuwa hapa, siku baada ya siku, kila moja na mvua yake. Akageuza karatasi ya pili, ya tatu. Ya nne ilikuwa ya mwezi ule.

*Tarehe 8. Mm 0. Baba yake amepata kazi mbali. Anataka twende wote. Nimekubali.*

*Tarehe 11. Mm 0. Gari limekuja mapema, dereva ana haraka. Mizigo yake imepakiwa, yangu bado. Nikasema lazima nipime kwanza, hakuna mwingine wa kupima. Nimemchukua mtoto twende kituoni. Jirani anasema baba yake amesubiri mpaka saa tatu. Niliporudi gari halipo.*

*Tarehe 19. Mm 0. Barua yake. Anasema njoo na mtoto, nyumba ipo. Nimejibu bado hawajaleta mtu wa kunipokea kituo.*

*Tarehe 27. Mm 2. Barua ya pili. Sijajibu.*

*Tarehe 30. Mm 0. Hawajaleta mtu.*

Kifungu aliisoma mara tatu. Siku ile hapakuwa na tone la mvua. Mama alikwenda kupima mvua ambayo haikunyesha, kwa sababu ilikuwa lazima, na mtu aliyekuwa akimsubiri akashindwa kusubiri zaidi. Mtu aliyesubiri. Miaka thelathini na saba alikuwa amemchukia mtu aliyesubiri. Akaiweka ile karatasi chini ya kiganja, akaikandamiza kwa kiganja cha pili.

Saa ikalia. Watu wakashusha pumzi, wote kwa mara moja.

"Katibu," alisema mkunga, "hizi karatasi umezitoa wapi?"

"Huyu jamaa alimeza kifungo!" fundi baiskeli alishindwa kujizuia. "Ndiyo maana!"

Walicheka, lakini kwa upole. Mkunga hakucheka. Alikuwa ameweka kidole kwenye mstari mmoja. "Tarehe kumi na nane, milimita sitini na moja," alisema. "Nakumbuka mvua hii. Nilikwenda kuzalisha na mkoba kichwani, maji mpaka magotini. Nikafikiri hakuna mtu duniani anayejua inavyonyesha. Kumbe kuna mtu alikuwa anaandika." Akaivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

Bi Miche alikohoa. Alikuwa amesimama karibu na pipa, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyetaka kusema anachokwenda kusema.

"Mimi nimesoma na nimelia, msinione," alisema. "Lakini karatasi hizi zina maandishi pande zote mbili. Kifungu cha tisa kimepita nusu saa iliyopita. Tukikivunja leo, siku ya kwanza, basi hata makao makuu wasitutake, tujifute wenyewe."

"Si tukirekebishe?" fundi baiskeli aliuliza.

"Siku ishirini na moja," alisema Kifungu. Yalimtoka tu, mdomo ukiongozwa na mazoea. "Kifungu cha pili."

Wote wakamtazama. Hakuna aliyekuwa na haja ya kumkumbusha mwezi mzima aliowapigia kelele, wala lile neno "isipokuwa" alilowakatalia. Angeweza kuwalaumu lakini hakuwa na wa kumlaumu. Pipa lilikuwa pale mlangoni, mdomo wazi, likinuka udongo wenye joto. Karatasi hamsini na nne zingelowa kwa siku mbili, kwa wiki zingekuwa uji, na mama angebaki bila siku hata moja mahali popote duniani.

Kifungu alisimama. Koo lilikuwa limemkauka kuliko la yule mgeni.

"Naomba tukivunje," alisema.

Hawakuamini masikio yao.

"Sina sababu ya kikanuni," Kifungu aliendelea. "Ni mama yangu. Hizi ni siku zake, hana nyingine. Nilikosea mimi. Nilisema hakuna isipokuwa, na nilisema kwa kiburi. Naomba. Kama ni kosa, nifukuzeni mimi, karatasi zibaki."

Hapo ndipo mlango wa chumbani uliposukumwa. Mama alikuwa ameamka. Alisimama na shuka begani, nywele zimelala upande mmoja, akiwatazama wageni wote kwa adabu ya mtu asiyejua kama yeye ndiye mwenyeji au mgeni.

"Shikamoo, mama," walisema karibu kwa pamoja.

"Marahaba. Mnasoma nini?"

Mkunga alimtazama, akamtazama Kifungu, akarudi kwenye karatasi ya kanuni iliyokuwa magotini mwake. Akaisoma polepole kwa kidole, kama anayetafuta kitu alichokiangusha.

"'Hakuna mwanachama atakayetoka nayo,'" alisema. "Mama, wewe ni mwanachama wa chama chetu?"

"Chama gani?"

"Basi wewe kifungu hakikuhusu. Kinachochanwa ni karatasi za tawi, na hizi ni zako: ziko nyumbani kwako, wewe ndiye uliyeziandika, na sisi hatutoki nazo, tunazirudisha kwa mwenyewe. Bi Miche, unasemaje?"

Bi Miche alilitazama pipa. "Nasema mama akae," alijibu, na akamletea kiti yeye mwenyewe.

Wakamkalisha katikati. Wakamrundikia karatasi mapajani, na kwa kuwa macho yake hayakuwa yakiona tena herufi zile ndogo, kila mmoja alimsomea mbili tatu kabla ya kumpa. Alasiri ikajinyoosha. Sauti zilipokezana katika ile nuru ya njano, milimita tano, milimita sifuri, mtoto amepona, paa limevuja, nimeota niko juu ya wingu nalipima kwa ndoo. Mama alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama anayesikiliza habari za jirani.

"Huyu mama alikuwa mchapakazi," alisema mara moja. "Hakukosa hata siku."

"Hakukosa," alisema mkunga.

"Angekosa hata moja," mama alisema, akafikiri. "Moja tu. Nani angejua?"

Kifungu alikuwa bado ameifunika karatasi yake ya nne, kiganja kikitetemeka. Alikwishakata shauri: ataiweka mbali, ndani ya kamusi, mahali ambapo mama hatafika. Mama akanyoosha mkono.

"Na hiyo?"

"Hii si kitu, mama."

"Nipe."

Hakujua jinsi ya kumnyima. Akampa. Mama hakuisogeza machoni wala hakumwomba mtu amsomee. Aliishika kwa vidole viwili, akainuka, akaenda mlangoni kwa hatua ndogondogo. Bi Miche akampisha. Aliichana mara mbili, mara nne, akaviachia vipande pipani, kisha akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko akavikandamiza chini ya majani, kana kwamba alikuwa amefanya kazi na udongo maisha yake yote. Kifungu alikuwa ameshamfikia, amechelewa.

"Mama! Unajua kilichoandikwa pale?"

"Sijui," alisema mama, akijipangusa mkono kwenye shuka. "Nimeona mkono wako ulivyokuwa unaitetemekea, mwanangu. Kitu cha kukutetemesha hivyo nikiweke cha nini?"

Wanachama wanane walikuwa nyuma yake, wamenyamaza bila kutegeshewa saa, na kanuni zilikuwa bado hazijapigiwa kura ya mwisho. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Kulikuwa na mtu," alisema. "Alikusubiri. Alisubiri mpaka saa tatu."

Mama alimtazama. Kisha uso wake ukafunguka, ukawa uso wa msichana aliyeletewa salamu nzuri kutoka mbali.

"Mpaka saa tatu?" alisema. "Basi alinipenda huyo."

Akamshika mkono, akamwambia amechoka, ampeleke akalale.